Haba na Haba: Historia ya Vipimo Vidogo vya Umeme

Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Methali hii, ewe msomaji, waijua tangu utotoni, na pengine umeitia katika insha zako mara nyingi bila ya kujiuliza kibaba chenyewe ni kitu gani. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka katika pwani yetu, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mnunuzi na mwenye duka kabla ya kupatana bei ya mtama walipaswa kupatana kwanza juu ya kipimo; kwa maana pishi ya mji huu ilipokuwa kubwa kuliko pishi ya mji ule, hapakukosekana ugomvi, na aliyedhulumiwa aghalabu alikuwa yule asiyejua hesabu.

Katika insha hii twataka kutazama kipimo cha namna nyingine, kisichoshika mtama wala mchele, bali umeme. Utaona kwamba wataalamu wa Ulaya nao walikuwa na pishi zao zilizogombana, ya kuwa iliwachukua karibu karne nzima kupatana, na ya kuwa katika kutafuta njia ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine walivumbua jambo kubwa ambalo hawakuwa wakilitafuta.

Tuanze na maneno, maana maneno nayo yana historia. Neno letu "umeme" hapo kale lilikuwa jina la ule mwanga upasuao mawingu wakati wa mvua. Watu wa Kenya husema pia "stima," neno lililotokana na mvuke uliokuwa ukiendesha mitambo. Lakini liko neno la tatu, nalo ni "kaharabu," yaani ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka kuwa jiwe la rangi ya asali, ambayo watu huifanya shanga. Asili ya neno hili ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kinyakuacho majani makavu. Kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vipande vidogo vya majani. Wayunani waliiita kaharabu "elektron," na kwa neno hilo mataifa ya Ulaya yaliupa umeme jina. Waarabu hata leo huuita umeme kwa jina la kaharabu. Basi kumbe, tutamkapo jina la shanga hiyo, twatamka jambo la kwanza ambalo wanadamu walilijua juu ya umeme.

Kwa muda wa miaka mingi watu walijua kuusugua umeme utoke, wala hawakujua kuupima. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya sumaku ambamo aliitenga nguvu ya sumaku na nguvu ya kaharabu. Kati ya mwaka 1745 na 1746 ikavumbuliwa chupa ya Leyden, yaani chupa ya kioo iliyoweza kuwekea umeme kama vile mtungi uwekeavyo maji. Benjamin Franklin wa Marekani akafundisha kwamba umeme una hali mbili, chanya na hasi. Lakini ukimwuliza mtu wa siku zile, "Chupa yako ina umeme kiasi gani?" angeweza kukujibu tu kwamba ni mwingi au ni kidogo, kama mtu auzaye mchele kwa macho.

Aliyeleta mizani ni Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi aliyezaliwa mwaka 1736. Mwaka 1785 alitundika kijiti chepesi kwa uzi mwembamba sana, akaweka tufe dogo lenye umeme kwenye ncha yake, kisha akalikaribisha tufe la pili. Matufe yakasukumana, uzi ukajisokota, na kwa kadiri ya kusokotwa kwake akaijua nguvu. Akaona kwamba umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu hupungua mara nne. Ukizidishwa mara tatu, hupungua mara tisa. Tangu siku ile umeme ulitoka katika ufundi wa kustaajabisha watu, ukaingia katika hesabu.

Sasa, msomaji, angalia jinsi pishi zilivyogombana. Kwa kufuata kanuni ya Coulomb, wataalamu walitengeneza kipimo cha kwanza. Walisema: chukua chaji mbili zilizo sawa, uziweke mbali kwa sentimita moja, zikisukumana kwa nguvu ya dayni moja, ambayo ni kama uzito wa miligramu moja, basi kila moja ni kipimo kimoja. Hiki tukiite kipimo cha umeme tuli. Lakini baada ya mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoonyesha kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya sumaku, pakatokea njia ya pili: kuupima umeme kwa nguvu ya sumaku uitoayo unapopita katika waya. Hiki kikawa kipimo cha umeme wa sumaku. Vipimo viwili vya kitu kimoja! Aliyepima kwa njia ya kwanza hakuweza kulinganisha hesabu yake na aliyepima kwa njia ya pili, mpaka mtu ajue pishi moja ya huku ni vibaba vingapi vya kule.

Kazi hiyo ilifanywa na Wajerumani wawili, Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch, mwaka 1856. Walichukua chupa ya Leyden iliyojaa umeme, wakapima chaji yake kwa kusukumana. Kisha wakaumwaga umeme ule katika waya uliozungushwa, wakapima chaji ile ile kwa mtikiso wa sumaku. Walipogawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili wakapata mwendo, yaani umbali kwa wakati, na mwendo wenyewe ulikuwa kama kilomita 310,740 kwa sekunde. Wao wenyewe hawakulikuza jambo hili. Lakini mwaka 1862 James Clerk Maxwell wa Scotland aliilinganisha namba ile na mwendo wa nuru, ambao Fizeau wa Ufaransa aliupima mwaka 1849 akapata karibu kilomita 315,000 kwa sekunde. Maxwell akaona kwamba namba mbili zilizokaribiana hivyo haziwezi kuwa ndugu wa bahati tu. Akatamka kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku.

Tafakari jambo hilo. Hapakuwa na taa wala jua katika chumba cha majaribio ya Weber, ila chupa, waya na sumaku. Aliyetaka kujua tu jinsi ya kubadili kipimo kimoja kuwa kingine alikuwa ameushika mwendo wa nuru mkononi mwake. Na kutokana na fikira za Maxwell ndiko kulikozaliwa redio, na baada yake simu ya mkononi. Mwanafunzi asemaye kwamba kubadili vipimo ni kazi ya kuchosha isiyo na faida, na akumbuke chupa ile.

Huenda ukasema kwamba hayo yote ni mambo ya Ulaya. Lakini wakati huo huo haja ya kipimo kimoja ilikuwa ikisafiri kwa bahari kuja kwetu. Mwaka 1858 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki, ukafa baada ya majuma machache tu. Mafundi walijifunza kwa hasara kwamba waya uliomo baharini ni chupa ya Leyden ndefu mno: shaba iko ndani, gundi ya mti iko katikati, na maji ya chumvi yako nje. Kabla ya habari kufika upande wa pili, waya wenyewe hauna budi kujazwa chaji kwanza, nao ukilazimishwa kwa nguvu kupita kiasi huharibika. Ili kujua waya utameza chaji kiasi gani, ilipasa kuwe na kipimo ambacho fundi wa London na fundi wa ng'ambo watakielewa sawasawa. Ndipo mwaka 1861 Chama cha Waingereza cha Maendeleo ya Sayansi kikaweka halmashauri ya kutengeneza vipimo vya umeme. Na mwaka 1879 waya kama huo ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini mpaka Durban. Tangu hapo habari zilizokuwa zikingojea meli na pepo za kaskazi na kusi ziliweza kufika kwa muda mfupi, zikipita katika shaba iliyopimwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1881, wajumbe wa mataifa mbalimbali walikutana Paris katika mkutano mkuu wa umeme. Huko walikubali majina ya volti, omu, ampea, faradi na kulombu. Kulombu, jina la kumheshimu Coulomb, ikawa kipimo cha chaji: nayo ni kiasi cha umeme kipitacho katika waya kwa sekunde moja mkondo ukiwa ampea moja. Kulombu moja ni sawa na vipimo vya umeme tuli karibu 2,997,924,580. Itazame vizuri namba hiyo. Mwendo wa nuru ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Tarakimu ni zile zile; alama ya Weber na Maxwell ingali imechorwa ndani ya hesabu ya kubadilia vipimo.

Lakini kulombu ilikuwa na taabu yake. Kwa fundi wa nyaya na taa ilifaa sana. Kwa mtu apimaye umeme tuli ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama kumpimia mtoto dawa kwa debe. Lau tungeweza kuweka kulombu moja hapa na kulombu nyingine umbali wa mita moja, zingesukumana kwa nguvu ipatayo uzito wa tani 900,000. Hebu wazia malori 30,000 ya barabara kuu ya Thika, kila moja limepakia na kufikia tani 30, yote yamewekwa juu ya kitu kimoja. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Kwa hiyo ilibidi kulombu igawanywe. Sehemu moja katika milioni iliitwa mikrokulombu. Baadaye, kwa kuwa hata hiyo haikutosha, watu waliandika "mikro-mikro," mpaka mwaka 1960 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulipoukubali rasmi mpango mmoja wa vipimo, pamoja na viambishi vya nano na piko.

Basi ngazi yenyewe ni hii, nayo ni rahisi kushika. Milikulombu 1,000 ni kulombu moja. Mikrokulombu 1,000 ni milikulombu moja. Nanokulombu 1,000 ni mikrokulombu moja. Pikokulombu 1,000 ni nanokulombu moja. Kila ukishuka daraja moja, namba huzidishwa kwa 1,000. Kila ukipanda, hugawanywa kwa 1,000. Ukitaka kujikinga na kosa, jiulize kwanza swali la muuza nafaka: "Kipimo kimekuwa kidogo au kikubwa?" Kipimo kikiwa kidogo, idadi haina budi kuongezeka, kwa maana gunia moja hutoa vibaba vingi, kipimo kikiwa kikubwa, idadi hupungua. Nanokulombu 250 zikigeuzwa kuwa mikrokulombu ni 0.25, wala si 250,000. Anayesahau swali hilo hukosea mara milioni nzima, ingawa kila tarakimu ya jibu lake ni sahihi.

Twende sasa mpaka kwenye haba ya mwisho kabisa. Mwaka 1891 George Johnstone Stoney wa Ireland alitoa jina la elektroni kwa ile chembe ya chaji isiyogawanyika. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alithibitisha kwamba chembe hiyo iko kweli. Kisha Robert Millikan wa Chicago, akisaidiwa mwanzoni na mwanafunzi wake Harvey Fletcher, akatazama kwa darubini matone madogo ya mafuta yaliyoelea kati ya bamba mbili zenye umeme. Akaona kwamba chaji ya tone haiongezeki kama maji yamiminwavyo, bali kama hesabu ya mayai: moja, mbili, tatu, wala hakuna nusu. Mwaka 1913 alitangaza kwamba chaji ya elektroni ni 4.774 × 10⁻¹⁰ kwa kipimo cha umeme tuli. Msomaji wa leo akiisoma namba hiyo kana kwamba ni kulombu, atakosea mara bilioni tatu. Akiigawanya kama ipasavyo, atapata kulombu 1.592 × 10⁻¹⁹.

Leo twajua kwamba chaji hiyo ni kulombu 1.602 × 10⁻¹⁹. Millikan alipungukiwa kwa sehemu ndogo isiyofika moja katika mia, na sababu ni kwamba alitumia hesabu isiyo sawa ya mnato wa hewa katika kuzuia tone lisianguke. Kosa hilo lilikaa miaka mingi mpaka wataalamu wengine, katika miaka ya 1930, walipopima kwa njia nyingine kabisa wakaona hesabu hazipatani. Funzo lililopo ni kubwa: ukweli wa kipimo hauhifadhiwi na sifa za mtu aliyepima, hata akiwa amepewa Tuzo ya Nobel kama Millikan alivyopewa mwaka 1923, huhifadhiwa na watu wengine wanaojua kupima upya.

Turudi nyumbani. Nairobi ilipata umeme wake wa awali, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa nguvu za maji ya mto Ruiru. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa, ikawa East African Power and Lighting. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kituo cha Ndula kilijengwa karibu na Thika, kwenye mto Thika. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Kenya Power and Lighting. Hivyo maji ya Ruiru na ya Thika yalikuwa miongoni mwa maji ya kwanza katika Kenya kufanywa taa. Hata hivyo nyaya zilipita juu ya mapaa ya watu wengi bila ya kushuka. Kwa miaka mingi wenyeji wa vijijini walibeba betri za gari mpaka mjini kuzijaza, ili wasikie redio au watazame televisheni. Betri ya ampea-saa 50 huweka kulombu 180,000, kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600; na wale waliozibeba begani au kwa baiskeli walijua uzito wa umeme kuliko wengi wanaousoma vitabuni.

Siku hizi, katika Kiuu, upande wa Ruiru uliopakana na Githurai, umeme haubebwi tena begani bali mfukoni. Tazama maandishi ya betri ya simu: huenda yakasema miliampea-saa 5,000. Miliampea-saa moja ni kulombu 3.6, basi betri hiyo huweka kulombu 18,000. Radi moja aghalabu hushusha kama kulombu 20 hivi. Kwa hesabu ya chaji, simu yako inashinda radi mara 900! Mbona basi radi huua, nayo simu hulala chini ya mto wa kitanda? Kwa sababu chaji ni nusu tu ya habari. Umeme wa simu husukumwa na volti zisizofika 5. Wa radi husukumwa na mamilioni ya volti. Na ile cheche ikuchomayo kidoleni unapovua sweta wakati wa ukavu wa Januari huenda ikawa ni mikrokulombu moja tu, ijapokuwa ndani yake mna elektroni zaidi ya trilioni 6.

Hapa ndipo elimu hii inapogusa mkoba wa mtu. Mwuza betri za akiba, zile ziitwazo pawabanki, hukuonyesha maandishi ya miliampea-saa 20,000. Nawe wafikiri: simu yangu ni 5,000, basi nitaijaza mara nne. Lakini namba hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, nao umeme hutoka kwa volti 5. Zidisha 20,000 kwa 3.7, ugawanye kwa 5. Utapata 14,800, na hata hizo hazifiki zote, kwa kuwa nyingine hupotea kwa joto. Utaijaza simu mara tatu hivi. Pengine mwuzaji hakusema uongo wowote; wewe tu ndiwe uliyesoma pishi ya huku kama pishi ya kule. Asiyejua kubadili vipimo huuziwa mbuzi kwenye gunia, tena hulipa akitabasamu. Wala usichanganye kipimo hiki na yuniti za tokeni ununuazo kwa ajili ya nyumba. Zile hupima nishati iliyotumika, si chaji.

Historia hii ilifika kituo kikubwa tarehe 20 Mei 2019. Zamani watu walianza na ampea, wakapata kulombu, kisha wakaipima elektroni kwa kulombu. Siku ile mambo yalipinduliwa. Mataifa yalikubaliana kwamba chaji ya elektroni ni kulombu 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kamili, bila ya kuongeza wala kupunguza, na ampea yenyewe ikajengwa juu ya msingi huo. Kwa maneno mengine, kibaba hakipimwi tena kwa kibaba kingine kilichofungiwa katika kabati la mji mkuu fulani. Kinapimwa kwa kuhesabu punje.

Nadhani hilo ni jambo la haki, msomaji. Pishi ya kale ilikuwa mali ya mwenye duka. Aliyekuwa nayo ndiye aliyeamua. Elektroni haina mwenye duka. Ile iliyomo katika waya wa Kiuu haipungui hata chembe kuliko ile iliyomo katika maabara ya Paris, na mwanafunzi wa Ruiru mwenye kalamu na subira aweza kufika kwenye namba ile ile waliyoifikia wao. Wahenga walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wataalamu wameongeza neno moja tu: ukitaka kujua kibaba kimejaa kweli, jifunze kuhesabu haba zake mwenyewe.